Je, Wajua? Nyumba ya Tajiri wa Kale Haikuisha Kujengwa

Sogea kidogo kwenye benchi, ndugu yangu wa Mwanza, tukae vizuri. Leo zamu ni ya nyumba za wafanyabiashara wa kale wa pwani yetu. Nyingine zilijengwa miaka 600 au 700 iliyopita, zikaongezwa, zikapunguzwa, zikageuzwa matumizi, na kuta zake nyingine bado zimesimama. Usidhani ni habari za mbali, maana njia ya matajiri hao ilikuja kuishia hapahapa ziwani. Haya, shika la kwanza!

MAWE YALIYOZALIWA BAHARINI

Je, wajua kwamba majumba ya kale ya Kilwa, Lamu na Unguja yamejengwa kwa viumbe vya baharini? Mawe yake ni matumbawe, yaani mifupa ya wanyama wadogo wasiohesabika. Ukiegemea ukuta mmoja tu, umeegemea mamilioni yao!

Je, wajua kwamba jiwe la nakshi lilikatwa likiwa bado bichi, chini ya maji? Likitoka baharini ni laini, patasi inapita bila shida. Likikauka linakuwa gumu kwelikweli, hivyo fundi alilazimika kuwahi kulichonga kabla halijamgomea.

Chokaa nayo ilitoka humohumo baharini. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa kwa moto mkali, kisha unga wake ukaachwa miezi kadhaa upoe na kulainika. Kwa hiyo mawe ni bahari, na kinachoyashika mawe ni bahari pia!

Sisi wa Mwanza moto huo tunaujua. Wapasuaji wetu huwasha moto juu ya jabali mpaka litoe ufa, ndipo wapate mawe ya msingi na kokoto. Na unajua umri wa majabali hayo? Zaidi ya miaka bilioni 2! Mbele ya Jiwe la Bismarck, matumbawe ya Kilwa ni watoto wachanga.

Je, wajua ni nani aliyeamua upana wa chumba cha tajiri? Mti wa mkoko! Boriti ya mkoko iliyobeba dari ilimudu mita 2.5 hadi 3 hivi, basi chumba kikawa chembamba hata kama mwenyewe ana dhahabu ya kumwaga. Urefu ndio aliojipimia apendavyo.

Boriti hizohizo za delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini mpaka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba nyingi za kale za huko vinakaribiana kwa upana na vya kwetu. Mkoko wa Rufiji umepanga vyumba vya mabara mawili!

KILWA, MJI WA DHAHABU

Je, wajua kwamba simulizi ya kale inasema kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo? Mgeni kutoka Uajemi, Ali bin al-Hasan, anasimuliwa kutoa vitambaa vya rangi vya kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Hebu fikiria urefu wa kitambaa hicho!

Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100! Husemwa kwamba wakati huo, kusini mwa Sahara hapakuwa na jengo la mawe la kulifikia kwa ukubwa.

Na lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe 8. Ndiyo, bwawa, ndani ya nyumba, kwenye kisiwa chetu cha Tanzania, miaka 700 iliyopita! Ukienda leo utaliona kwa macho yako, na pembe zake zinahesabika.

Sasa sikia hili. Upande mmoja wa jumba hilo la kifalme una ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vinavyoaminika kuwa maghala ya bidhaa. Sultani wa Kilwa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na ikulu yake ilikuwa pia ghala lake!

La kushangaza zaidi, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Neville Chittick waliona dalili kwamba Husuni Kubwa halikuwahi kukamilika. Vyumba zaidi ya 100, na kazi bado! Lilikaliwa kwa muda mfupi tu, kisha likaachwa.

Mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa. Alikuwa ameshaona miji chungu nzima, lakini Kilwa akaiandika miongoni mwa miji mizuri. Mtawala aliyemkuta ni huyohuyo al-Hasan wa Husuni Kubwa.

Je, wajua kwamba sarafu za Kilwa zilikuwa na vina? Maneno ya upande mmoja yaliishia kwa sauti ileile ya maneno ya upande wa pili. Mtu alinunua samaki kwa shairi!

Sarafu ya Sultani al-Hasan ilipatikana hadi Zimbabwe Kuu, kule dhahabu ilikotoka. Na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel. Unajua viko wapi? Kaskazini mwa Australia, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi!

Na dhahabu yenyewe? Vasco da Gama alimtoza ushuru mtawala wa Kilwa kwa nguvu mwaka 1502. Mwaka 1506 dhahabu hiyo ikafuliwa kuwa chombo cha kanisa kiitwacho Custódia de Belém, ambacho mpaka leo kimewekwa katika makumbusho mjini Lisbon.

Jirani na Kilwa kuna kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu ya nyumba kubwa za mawe zaidi ya 40. Watu walianza kuishi humo mwishoni mwa karne ya 14, na mwanzoni mwa karne ya 16 wakawa wameshaondoka. Watafiti walifukua hapo hazina ya sarafu zaidi ya 300 zilizowekwa pamoja!

PIGA HODI, TUINGIE NDANI

Je, wajua kwamba nyumba ya kale ya Lamu ilikukaribisha kwa hatua? Kwanza unaketi kwenye kibaraza cha daka mlangoni, kisha unapita uani, kisha msana wa kwanza, kisha msana wa pili, na nyuma kabisa chumba cha ndani. Ukoo wako na urafiki wako na mwenyeji ndivyo vilivyoamua unafika wapi!

Na mlango haukutazamana na ua moja kwa moja. Njia ya kuingilia ilikunjwa makusudi, mpita njia asipate kuchungulia. Mlango wazi mchana kutwa, na siri ya nyumba iko palepale.

Mgeni wa biashara alipewa chumba chake, sabule, chenye njia yake. Alikihitaji kweli, maana pepo za kaskazi zilimleta mwisho wa mwaka, na hakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma miezi kadhaa baadaye. Hebu piga hesabu ya chakula cha mgeni wa miezi minne!

Je, wajua kwamba pwani ya kaskazini mwa Mombasa, pale Jumba la Mtwana, kuna gofu la karne ya 14 liitwalo Nyumba ya Milango Mingi? Wataalamu hudhani ilikuwa nyumba ya kulaza wageni. Yaani gesti, miaka zaidi ya 600 iliyopita!

Vyoo je? Nyumba za Gede, karibu na Malindi, zilikuwa na vyoo vya shimo ndani ya nyumba na mahali pa kujitawadhia katika karne ya 15. London ilijenga mfumo wake mkubwa wa mabomba ya majitaka baada ya mwaka 1858, pale Mto Thames ulipotoa uvundo mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni.

Na mwaka huohuo wa 1858 una jambo lake hapa kwetu. Mwezi Agosti, London ikiwa bado inanuka, John Hanning Speke alisimama kwenye vilima vya Mwanza akaliona ziwa letu lenye maji matamu. Wenyeji walikuwa wakiyanywa tangu enzi na enzi!

Hili wewe mtu wa Mwaloni utalipenda. Katika mabirika ya maji ya nyumba za Lamu, watu walifuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Dawa ya mbu bila dawa!

Ngoja, halijaisha. Chini ya birika fundi alizamisha bakuli la kaure, mdomo ukitazama juu. Maji yakipungua mpaka mwisho, bakuli hubaki limejaa na samaki hubaki hai. Nani alifikiria jambo dogo zuri namna hiyo?

Ukuta wa chumba cha ndani ulijaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu kwa nakshi nyembamba. Humo ziliketi sahani na bakuli za kaure kutoka China. Mwenyeji hakuhitaji kusema kwamba biashara inakwenda vizuri, ukuta ulisema.

Kaure hizo zilipendwa hata makaburini. Kunduchi, Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Daladala zinapita si mbali na hapo kila siku!

Gede, nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri na Nyumba ya Bakuli la Kaure. Hebu jiulize, yako wangeiita nyumba ya nini?

Tena, kwenye lipu za kuta za Gede kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa na watu wa kale. Mtu alichora jahazi ukutani, mji ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na jahazi lingali pale.

Je, wajua nyumba ilikuwa ya nani? Kwa desturi ya Lamu, binti akiolewa hupewa nyumba au sehemu ya nyumba ya wazazi wake, na mume ndiye anayehamia. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa miji ya kale ya eneo hili. Upande wa mama, asili yao ilikuwa Afrika kwa sehemu kubwa sana. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi.

KILA KIZAZI NA NYUNDO YAKE

Binti wa pili naye akiolewa, inakuwaje? Nyumba inapanda juu! Na juu pakijaa, chumba hujengwa kuvuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Lamu hukiita wikio, na wewe unapita chini yake ukiwa na punda wako.

Pale Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe, akakuta msikiti mwingine. Chini yake mwingine tena, na tena, mpaka ule wa miti na udongo wa karne ya 8! Nyumba za mji huo nazo zilipita njia ileile, kutoka miti hadi udongo hadi mawe.

Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi yaliyochongwa mwaka 1107. Kuta nyingi unazoziona zilijengwa upya karne ya 18, lakini mafundi waliyatunza maandishi yale na kuyarudisha mahali pake. Zaidi ya miaka 900, na bado yanasomeka!

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza ukiwa mdogo, wenye paa bapa. Karne ya 14 ukapanuliwa mara kadhaa ya ukubwa wake, na karne ya 15 ukajengwa upya. Kuba lake kubwa halikupata mshindani Afrika Mashariki mpaka karne ya 19.

Ile ngome ya ufukweni Kilwa ina hadithi mbili ndani ya ukuta mmoja. Wareno waliijenga mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512. Miaka kama 300 baadaye Waomani wakaijenga upya juu ya masalia yaleyale.

Je, wajua kwamba Ngome Kongwe ya Unguja ilisimamishwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno? Baadaye ikawa gereza, kisha karakana ya reli ya kwenda Bububu, kisha uwanja wa tenisi wa akina mama. Leo ina jukwaa la maonyesho, na watazamaji wa tamasha la filamu hujaa humo!

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na paa bapa la chokaa. Mvua ikawashinda, mabati yakaja karne ya 19, na paa la mgongo likakaa juu ya lile la zamani. Ukipanda dari za nyumba hizo unaweza kusimama kati ya mapaa mawili!

Milango yake ya nakshi unaijua. Lakini wajua kwamba nakshi zile zina maana? Mnyororo ni ulinzi, samaki ni uzazi na neema. Misumari mikubwa ya shaba ni mtindo wa India, ambako husimuliwa kuwa iliwazuia tembo wasisukume mlango kwa kichwa.

Tajiri Tharia Topan, msimamizi wa forodha wa Unguja, alianzisha jengo la hospitali mwaka 1887 lenye roshani za mbao zilizotobolewa kwa ufundi mkubwa. Akafariki mwaka 1891 kabla halijaisha, likakamilika mwaka 1894. Likawa zahanati, likachakaa, na miaka ya 1990 likafufuliwa. Leo ni moja ya majengo yanayopigwa picha sana Mji Mkongwe.

Jumba jingine la Topan liko Hurumzi. Humo serikali ya Waingereza iliwalipa fidia wamiliki wa watumwa kufuatia amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa. Leo jumba hilohilo ni hoteli, na wageni hunywa chai darini.

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwaka umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti! Mwaka huo, mji wa Nairobi ulikuwa haujazaliwa.

Mwanzoni mnara wake wa saa haukuwa sehemu ya nyumba. Ulikuwepo mnara mwingine mbele yake, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kwa dakika kama 40. Mwaka uliofuata mnara mpya ukapachikwa usoni mwa jumba lenyewe.

Tangu hapo jumba hilo limekuwa ofisi za serikali ya kikoloni, chuo cha siasa baada ya Mapinduzi, kisha makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuta za kale zinadai heshima, ndugu yangu, na zinadai mafundi wanaozijua.

Na Ulaya je? Southampton, Uingereza, kuna nyumba iliyojengwa karibu mwaka 1290 na mfanyabiashara wa mvinyo, John Fortin. Ilikatwa ikawa makazi ya familia kadhaa, ikawa kilabu cha pombe, na watu wakasahau kabisa umri wake. Mwaka 1940 bomu la vita likabomoa yaliyoificha, na mbao za miaka 650 zikaonekana!

Sasa linganisha. Fortin aliweka ghala la mvinyo chini, duka mbele na familia nyuma na juu. Miaka isiyozidi 40 baadaye Sultani wa Kilwa alipanga maghala upande mmoja na makazi upande mwingine. Hawakujuana kamwe, na biashara iliwafundisha ramani ileile.

NJIA YA KUJA ZIWANI

Je, wajua kwamba bidhaa za pwani zilifika huku kwa mabega ya watu? Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 na zaidi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kila shanga iliyofika kanda hii ilibebwa na mtu.

Walipofika Tabora, matajiri wa pwani waliachana na matumbawe wakachukua ujuzi wa wenyeji: tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa inayozunguka ua. Lakini mlango wa nakshi hawakuuacha! Tembe la Kwihara bado linampokea mgeni kwa mlango wa namna hiyo, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Katika tembe hilo ndimo David Livingstone alimokaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi. Nyumba ya tajiri wa pwani, kwa ufundi wa bara, na mgeni wa Scotland ndani yake. Leo ni makumbusho, na kutoka Mwanza unafika kwa safari ya siku moja.

Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda mwaka 1844, miaka 14 kabla Speke hajaliona ziwa. Basi mtu akikuambia ziwa hili lilikuwa siri mpaka Mzungu alipokuja, mpe tarehe hiyo. Wenyeji hata tarehe hawahitaji!

Februari 1875 Henry Morton Stanley alifika Kagehyi, ufukweni kaskazini-mashariki mwa jiji la Mwanza, akitokea Bagamoyo kwa mwendo wa zaidi ya miezi mitatu. Alimkuta nani? Songoro, mfanyabiashara wa Kiswahili, ameshatulia hapo na biashara yake, na anaunda jahazi!

Stanley alikuja na mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa mita 12, iliyokatwa vipande na kubebwa begani. Ilipoungwa akalizunguka ziwa zima kwa siku 57. Wapagazi walioibeba mashua hiyo kutoka pwani ndio mashujaa wangu.

Songoro naye? Desemba 1877 aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi na mtawala Lukonge. Biashara ya ziwani ilikuwa na utajiri wake, na hatari zake.

Je, wajua kwamba Allidina Visram alifika Bagamoyo kutoka India akiwa mtoto wa miaka 12 tu? Alifanya kazi kwa tajiri Sewa Haji Paroo. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa na maduka zaidi ya 200 Afrika Mashariki, na vyombo vyake vilikata maji ya ziwa hili!

Sewa Haji mwenyewe unamtaja bila kujua. Fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam miaka ya 1890, na leo ukienda kumtazama mgonjwa Muhimbili unaweza kuelekezwa wodi ya Sewahaji. Ndiye huyo!

Reli ya Waingereza ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha ziwa zima. Kwa hiyo Mwanza, iliyokuwa chini ya Wajerumani, ilipitisha mizigo yake mingi kwenye reli ya Waingereza! Treni ya kwetu kutoka Tabora ilifika mwaka 1928.

Ndipo yakaja maduka tunayoyajua katikati ya jiji: duka chini, familia juu, ghala nyuma. Inua macho siku moja ukipita mitaa ya zamani, upite juu ya mabango ya simu na soda. Fortin na Sultani al-Hasan wangeutambua mpango huo mara moja!

Ng'ambo ya ziwa, Kampala, kuna nyumba ya nyasi ya Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Kabaka Mutesa I na kugeuzwa kaburi lake mwaka 1884. Iliungua mwaka 2010, mafundi wa koo za waezekaji wakaezeka upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi huoza, ujuzi wa kuezeka hubaki!

Na hapa jirani, Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement yana jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Nauli ya kwenda huko ni ndogo. Kama hujaenda, unangoja nini?

LA MWISHO, KABLA HUJANYANYUKA

Je, wajua adui mmojawapo wa nyumba ya matumbawe ni saruji? Chokaa huachia unyevu utoke ukutani, saruji huufungia ndani, na chumvi ikaanza kuutafuna ukuta. Ukarabati wa haraka unaweza kuua kile ambacho miaka 500 imeshindwa kukiua.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, kwa mawimbi, mizizi na nyufa. Mafundi wakarudi kazini, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Miaka 10 tu!

Kwa hiyo, ndugu yangu, nyumba ya zamani mtaani kwako ikifikiwa na mafundi, usipite tu. Muulize mwenyewe ilijengwa lini, ilikuwa duka la nini, nani aliongeza chumba cha uani, kisha uyaandike. Nyumba za Kilwa zimetufikia kwa sababu kila baada ya muda alitokea mtu wa kuzitia mkono, na mtaani kwako mtu huyo anaweza kuwa wewe!